Akina Gaspari Wawili Katika Kompyuta Moja

Wasomaji, naomba mnivumilie tangu mwanzo. Mwandiko wangu ni mbaya na herufi nyingine nazikosea; R na L zinanisumbua tangu shuleni, na shule yenyewe niliishia darasa la saba. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unaweza kunimalizia asubuhi nzima, wali ukaungulia jikoni nikiwa bado natafuta neno. Atakayechapa kurasa hizi ameahidi kunyoosha palipopinda. Patakapobaki pamepinda, jueni ni mimi. Mtu wa namna hii kuwahi kufanya kazi kwenye chumba cha uchapaji ni jambo la kushangaza, nakubali, lakini pale sikuajiriwa kuandika. Niliajiriwa kufagia na kusoma.

Mwezi uliopita nilivuka daraja kwenda kumzika Mama Salome, mwenye chumba hicho, kwao upande wa Mahenge. Watoto wake walinipokea vizuri, wakanikalisha kwenye kiti wakati wengine wamekaa mkekani, wakaniambia mama yao alikuwa akinitaja. Sikulia. Waliniangalia waone kama nitalia, nami nikaangalia chai yangu mpaka ikapoa. Njiani kurudi Ifakara, bila kutaka, nikaanza kukumbuka kile chumba, kwanza harufu yake. Ilikuwa harufu ya pumba. Chumba chetu kilipakana ukuta na mashine ya kukoboa mpunga, na mashine ikiwashwa vikombe vilitembea wenyewe juu ya meza. Vumbi liliingia kila tundu. Ndiyo maana kompyuta ilivishwa khanga mbili, moja ya skrini na moja ya kisanduku chake, na hakuna aliyeruhusiwa kuzivua kabla ya kunawa mikono. Mama Salome alikuwa karani mstaafu, mnene, mpole wa sauti na mkali wa macho. Kompyuta aliinunua kwa mzungu wa mradi aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, miaka ya tisini ikielekea mwisho, na kwa muda mrefu mtaani kwetu ilikuwa hiyo moja tu niliyoijua.

Watu walileta barua za kuomba kazi na kadi za harusi, lakini zaidi ya yote walileta wasifu wa marehemu, ule unaosomwa makaburini kabla ya kushusha jeneza. Miaka ile walikufa vijana wengi. Ugonjwa wenyewe haukutajwa. Tuliandika tu kwamba aliugua kwa muda mrefu. Mama Salome alikuwa na njia yake ya kazi. Hakuanza wasifu mpya kutoka mwanzo. Alifungua wa marehemu aliyetangulia, akabadilisha jina, mwaka na kijiji, mengine akayaacha yalivyo: alikuwa mcha Mungu, alipenda watu, pengo lake halitazibika. Mimi nilisimama pembeni yake nikimsomea karatasi za wafiwa, na akimaliza nilisoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini ili wafiwa wasikie kama kuna kosa. Nilikuwa na haya mno. Miezi ya kwanza nilisoma kama mtu anayesoma chini ya blanketi, na Mama Salome alikuwa akinigonga kidole mgongoni, "Sauti, Imelda, sauti, wenzio wamefiwa si viziwi lakini wamechoka." Baadaye haya ikapungua. Ningependa kusema nilipata ujasiri, lakini nadhani kuna kitu ndani kilikufa ganzi. Nilisoma majina ya watu niliosali nao, wasichana niliocheza nao rede, halafu nikanawa mikono nikaenda kula.

Gaspari aliingia asubuhi moja mashine ya jirani ikiwa imezimwa. Nilimfahamu kwa sura kama kila mtu alivyomfahamu, konda wa basi la Kidatu, mtu aliyeweza kumtania padre na padre akacheka. Sasa shati lilikuwa limemzidi, kola imesimama mbali na shingo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Nani tena?"

"Bado. Nimekuja kuandika wangu."

"Wako nini?"

"Wasifu. Gaspari, mimi huyu."

"Toka na utani wako hapa, kuna watu wana msiba."

"Mama, sitanii. Juzi tumemzika Deo, dereva wangu. Baba yake mdogo akasimama pale kaburini, akasema marehemu alikuwa mcha Mungu na pombe hakuijua. Makonda wote tukaangaliana. Deo huyu huyu! Kidogo jeneza licheke. Sasa mimi nina baba mdogo wa aina hiyo hiyo, Baba Leo, na wangu ana sauti kubwa zaidi."

Mama Salome hakucheka. Alisema mtu anayepumua haandikiwi wasifu, ni uchuro, na karatasi ikishatoka kwenye mashine umeshaita kifo. Gaspari akasema basi karatasi isitoke. Maneno yakae humo ndani ya mashine, na siku ikifika yatolewe. Walibishana mpaka chai ikaja. Mwishoni Mama Salome akavua khanga kwenye skrini, na nikajua amekubali.

"Na siku hiyo asome huyu binti," Gaspari akasema.

"Imelda? Huyu hata shikamoo huitoa kwa kuhesabu."

"Ndiyo maana namtaka. Hataongeza la kwake."

Mama Salome alikuwa na folda mbili tu kwenye kompyuta yake. Moja aliiita MAREHEMU. Nyingine aliiita WAZIMA, ya barua za kazi na kadi za harusi. Hakukubali kumlaza mtu hai katikati ya wafu, kwa hiyo faili la Gaspari likaenda WAZIMA. Siku zile jina la faili lilikuwa haliwezi kuzidi herufi nane, hivyo akaandika GASPARI, basi. Kule MAREHEMU kulikuwa na GASPARI mwingine, babu yake mzaa baba, mvuvi wa Lumemo ambaye wasifu wake tuliuchapa zamani kidogo. Kwetu hilo si ajabu. Mtoto hupewa jina la babu yake, na babu akiondoka watu husema hajaondoka, yule pale anacheza. Nyumba nyingi Ifakara zilikuwa na akina Gaspari wawili au akina Agripina watatu, na hakuna aliyewachanganya, kwa sababu tuliwaona.

Gaspari konda alikuja mara nyingi msimu ule. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akasema, na Mama Salome akachapa bila kuangalia vidole. Mchana tulikula wote, wali na samaki kitoga wa kuchemsha, kwa sababu wa kukaanga alimkaba kooni. Alikunywa mchuzi, nyama akanisogezea mimi bila kusema kitu. Kupitia ukutani tulisikia vijana wa mashine wakimchokoza.

"Konda! Gari la peponi linatoka saa ngapi?"

"Likijaa!" naye akajibu. "Wewe leta mizigo yako mapema, usije ukagombana na mimi mlangoni."

Wakacheka, mashine ikawaka, vikombe vikaanza kutembea. Hivi ndivyo ulivyoanza wasifu wake, na huu mwanzo naukumbuka neno kwa neno kwa kuwa niliusoma kila alipokuja: "Mimi Gaspari nilizaliwa Lumemo, mwaka wa mafuriko ambayo wazee hawajakubaliana ni yapi. Nilianza kazi nikiwa utingo wa lori la mbao, nikapanda cheo nikawa konda. Nimewapenda wanawake wawili, mmoja wao anajua. Sikuwa mcha Mungu. Nilikuwa namwogopa, na Yeye anajua tofauti." Yaliyofuata yalikuwa marefu. Siku aliyoeleza habari za Uchindile, alikokwenda na lile lori la mbao, mimi nilikuwa nimetumwa sokoni. Niliporudi nilimkuta Mama Salome ameweka mikono mapajani, hachapi, na Gaspari anaangalia nje. Nikasogea kwenye skrini nisome kama kawaida.

"Hicho kipande kiache," Gaspari akasema. "Utakisoma siku yenyewe."

Ilikuwa karibu na majira hayo mradi mmoja wa visima ulipotaka kumpa Mama Salome kazi ya kuchapa ripoti zao. Disketi zao zilikuwa zimeandikwa kwa programu mpya, na kompyuta yetu ilipozifungua ilitoa alama kama nyayo za kuku. Ikabidi kuweka Windows mpya, ile ya tisini na tano. Fundi aliitwa kutoka Morogoro, kijana mmoja safi, Joakim, aliyeshuka na rundo la disketi limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Alimweleza Mama Salome kwa heshima. "Mama, ni kama kujenga upya nyumba. Tunatoa vyombo vyote nje, tunabomoa, tunajenga, tunarudisha vyombo."

"Na mvua ikinyesha vyombo viko nje?"

"Ndiyo maana tunafanya bakapu. Kila kitu kinakaa kwenye disketi. Ukitaka usalama zaidi tunafanya nakala mbili, disketi zikitosha."

Hazikutosha. Tulikuwa nazo nyingi kwenye kopo la maziwa, lakini vumbi la pumba lilikuwa limeshakula. Alizijaribu moja moja. Kompyuta ikanguruma na kuzikataa, naye akaziweka upande kama mtu anayechambua mchele. Zilizopona zilikuwa chache. Ili kuokoa nafasi, Joakim hakuhangaika na folda. Alimwaga kwanza vilivyokuwa MAREHEMU, kisha juu yake akamwaga vilivyokuwa WAZIMA. Mimi nilisimama karibu nikipokea disketi zilizojaa, nikizifuta kwa kitambaa. Mlangoni Mama Salome alikuwa akibishana na bwana mmoja aliyetaka kadi zake za harusi siku ile ile.

"Mama," Joakim akaita bila kugeuka, "kuna faili umeliweka mara mbili, kila folda lipo. Mashine inaniuliza niandike juu yake au niruke."

"Lililokwisha kuingia la nini tena? Ruka."

Akaruka. Nilisikia maneno hayo na hayakuniambia kitu. Hata Joakim simlaumu. Kwao labda watu hawarithi majina, au wanarithi lakini hakuyawaza. Wafu walikuwa wametangulia kwenye disketi, na mzima alipofika jina lake lilikuwa limekwisha kukaliwa. Baada ya hapo akafuta kila kitu kilichokuwa ndani ya mashine. Akaweka ile Windows disketi baada ya disketi, siku nzima, mvua ikinyesha juu ya bati na Mama Salome akishika rozari kila taa ilipofifia. Jioni skrini ikaonyesha picha ya mawingu, mwanzo wa ile Windows. Joakim akarudisha vyombo ndani, akazipanga zile folda mbili upya kwa kubahatisha, akafungua kadi moja ya harusi. Ikafunguka vizuri, na maua yake. "Salama," akasema. "Tena sasa jina la faili andika refu utakavyo, Mama, hata ukoo wote." Mama Salome akapiga makofi kama mtoto. Tulimpikia Joakim kuku.

Gaspari alirejea baada ya majuma kadhaa, ameletwa kwenye karia ya baiskeli na konda mwenzake. Alikuwa na sentensi moja ya kuongeza. Mama Salome alijivunia mashine yake mpya, akamwonyesha mawingu, kisha akafungua GASPARI, nami nikaanza kusoma kwa sauti kama kawaida: "Marehemu Mzee Gaspari alizaliwa upande wa Mahenge, akahamia Lumemo akiwa kijana, akafanya kazi ya uvuvi..." Nilisoma mpaka kwenye mcha Mungu ndipo nikakatizwa.

"Huyo ni babu," Gaspari akasema.

Mama Salome akafunga, akafungua tena. Akatafuta kwenye WAZIMA, akatafuta kwenye MAREHEMU, akamwaga kopo la disketi mezani, akazipitisha zote hata zile zilizokufa. Alikuwepo Gaspari mmoja tu, naye alikuwa mvuvi. Baadaye alimwandikia Joakim, na jibu likaja kwamba diski ikishafomatiwa, yaani kufutwa yote, hawezi kurudisha kilichokuwamo. Lakini siku ile tulikuwa tumekaa tu, tukisikia mashine ya jirani, na Gaspari akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkunja.

"Watu wanasema mimi ndiye niliyemrithi babu. Kumbe mzee ndiye kanirithi mimi!"

"Tuanze upya," Mama Salome akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na vidole viko tayari juu ya herufi. "Sasa hivi, mwanangu. Sema."

"Mimi Gaspari nilizaliwa Lumemo..." Akapumua. "Nimechoka, Mama. Wiki ijayo." Kisha akanigeukia. "Na huyu amesoma yote, ila kile kipande. Unao kichwani, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Wote?"

"Ndiyo, kaka."

Nilisema ndiyo kwa sababu ndilo neno nililokuwa nalo kwa watu walionizidi umri. Konda mwenzake akamnyanyua, akamkalisha kwenye karia, akamshika mgongo kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine. Hiyo wiki ijayo haikufika. Mimi nilipata karatasi na kalamu, nikakaa nyuma ya nyumba kila mchana nikijaribu kuandika. Ule mwanzo ulitoka. Baada ya mwanzo nilikuta wasifu wa watu wengine. Mkono wangu ni mzito, na nilipokuwa bado kwenye neno moja, yale maneno ya kila siku yalikuja yenyewe kumalizia: alipenda watu, pengo lake halitazibika. Nilikuwa nimeyasoma mno. Nilikata, nikaandika, yakaja tena. Mama Salome alikumbuka zaidi yangu, lakini alikuwa mtu wa kuchapa; alisema maneno humpita masikioni yakatoka vidoleni. Nilipomuuliza habari za Uchindile alitikisa kichwa. "Hiyo aliniomba nisiseme, isomwe tu," akasema, na nadhani alishika ahadi hiyo mpaka mwezi uliopita.

Alikufa mvua zikiwa bado nzito. Makaburini kulikuwa na tope la kushika viatu, na makonda walisimama upande wao, sare zimelowa, kimya kuliko nilivyowahi kuwaona. Baba Leo, baba mdogo wa Gaspari, alikuwa mbele na karatasi yake mkononi. Ndugu walikuwa wamemwambia kuna binti atakayesoma kwanza, naye alikubali kwa shingo upande. Mama Salome akanigonga kidole mgongoni. Nikasimama. Sikuwa na karatasi. Nilisikia mtu akiuliza, "Huyu ni nani?" na mwingine akamjibu, "Wa kule kwa mashine."

Nikasema yale niliyokuwa nayo. Mwaka wa mafuriko ambayo wazee hawajakubaliana. Lori la mbao. Wanawake wawili, na hapo makonda wakainua vichwa, mmoja akacheka kwa pua. Sikuwa mcha Mungu, nilikuwa namwogopa, na Yeye anajua tofauti. Sauti yangu ilitoka vizuri. Hilo nalikumbuka kwa sababu sikuhisi ni yangu. Kisha nikafika mwisho wa ninachojua, na yale maneno mengine yakaja mdomoni, yamejipanga, tayari kutoka. Nikafunga mdomo. Mvua ikanipiga usoni. Padre akainua macho.

"Yalikuwepo mengine," nikasema. "Yamepotea."

Nikarudi nyuma. Baba Leo akasogea mbele, akakohoa, akafungua karatasi yake. Aliiangalia, akaangalia jeneza, akaangalia ile nafasi niliyokuwa nimesimama. Halafu akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. "Shusheni," akasema, kwa sauti ile ile kubwa, hadi watu wa barabarani wakageuka. Wakamshusha. Hakuna aliyesema uongo juu yake. Baadaye tulinawa tukala wali na maharage, mama mmoja akaniuliza kama nimeshiba, nikasema ndiyo. Kesho yake nilifagia pumba mezani kama siku zote, akaja mtu na wasifu wa mkewe, nikasoma.

Sasa nina umri wa kuitwa bibi. Nimeshauza mpunga, nimeshalea, nimeshazika wengi, na bado sijui Gaspari aliona nini Uchindile. Mama Salome alikuwa wa mwisho ambaye nilijua anajua. Lakini lile lori halikwenda na mtu mmoja. Kulikuwa na dereva, kulikuwa na wapasua mbao, kulikuwa na watu wa vijiji vya huko Mlimba waliopakia na kuomba lifti, na wengine wenu lazima mko hai, au watoto wenu waliwasikia mkisimulia. Nawaomba mniandikie. Barua mpeni aliyechapa kurasa hizi, atanifikishia. Kama mlikuwepo, semeni mlichokiona, hata kama ni sentensi moja, hata kama hakimpendezi. Na yule mwanamke wa pili, ambaye hakujua, kama anasoma hapa, basi sasa anajua, naye aniandikie.